UCHAGUZI WA ANTENA YA NDANI KWA WASIKILIZAJI WA REDIO YA MASAFA MAFUPI

Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Visiwani, Tanga na mwambao wa kaskazini

Mwezi wa Mei 2024 uliwakumbusha wakaazi wa mwambao jambo ambalo wazee walilijua tangu zamani. Mwanzoni mwa mwezi huo Kimbunga Hidaya kilikuwa kikisogea kuelekea pwani, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa ikitoa tahadhari juu ya tahadhari. Tarehe 4 Mei, siku ambayo kimbunga kilifika maeneo ya Mafia, hitilafu katika Gridi ya Taifa ilizima umeme katika sehemu kubwa ya nchi. Siku nane baadaye, tarehe 12 Mei, kebo za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zilipata hitilafu, na huduma ya intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Simu zilikuwemo mikononi mwa watu, lakini kwa wengi habari hazikuwa zikifika.

Kwa wakaazi wa Pemba na Tanga jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kutoka Tanga kwa kebo iliyopita chini ya bahari. Hivyo hitilafu itokeapo upande mmoja, kiza huweza kuingia upande wa pili. Unguja nayo haijasahau miezi ile kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, ambapo kisiwa kizima kilikaa bila ya umeme wa gridi. Katika nyakati kama hizo, chombo kinachoendelea kumpasha habari mwananchi aliye nyumbani kwake ni redio ndogo ya betri.

Inafahamika kwamba wananchi wengi hivi sasa husikiliza vituo vya FM, na hapana ubaya katika hilo. Hata hivyo, mawimbi ya FM hayaendi mbali, na mtambo wake ukikosa umeme, kituo hunyamaza pamoja na mji wake. Masafa mafupi yana tabia nyengine. Mawimbi yake hupanda juu angani, hukutana na tabaka la hewa lenye chembe za umeme, yaani ionosfea, kisha hurejeshwa chini umbali wa mamia au maelfu ya kilomita. Kwa hivyo mtu aliyekaa gizani Pangani anaweza kusikiliza kituo kilichopo katika nchi ambayo umeme wake haukuguswa na chochote.

VITUO VIMEPUNGUA, HAVIJAKWISHA

Msikilizaji wa Kiswahili amezoea masafa haya kwa muda mrefu. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, na ile ya Deutsche Welle mwaka 1963. Mtambo wa Dole, Unguja, umejulikana na wasikilizaji wa mbali kwa miaka mingi kupitia kilohezi 11735, na wapo watu wa Ulaya waliokuwa wakiutafuta kila jioni kwa ajili ya kusikiliza taarab.

Ni kweli kwamba vituo vimepungua. Januari 2011 BBC ilitangaza mpango wa kuyaondoa matangazo ya Kiswahili katika masafa mafupi. Mwaka 2015 kituo cha Deutsche Welle cha kurushia matangazo kilichokuwa Kigali kilifungwa. Machi 2025 Sauti ya Amerika nayo ilinyamaza. Lakini upungufu huo ndio unaolifanya suala la antena kuwa na umuhimu zaidi. Zamani vituo vilikuwa vingi na vyenye nguvu, na redio yoyote iliweza kuvinasa. Vilivyobaki vinahitaji masikio mazuri zaidi, na masikio ya redio ni antena.

ADUI WA KWANZA YUMO NDANI YA NYUMBA

Watu wengi, wanaposikia mkwaruzo redioni, hudhani kwamba antena ni fupi, na hukimbilia dukani. Mara nyingi dhana hiyo si sahihi. Taa za kisasa za LED, chaja za simu, televisheni, kompyuta na vidhibiti vya umeme wa jua hutoa kelele za umeme ambazo huingia katika masafa mafupi. Antena ndefu iliyowekwa karibu na vitu hivyo hukusanya kelele nyingi zaidi pamoja na matangazo, na msikilizaji hapati faida yoyote.

Lipo jaribio lisilogharimu fedha. Redio iwashwe kwa betri wakati wa jioni, itafutwe stesheni dhaifu, kisha izimwe swichi kuu ya nyumba kwa muda wa dakika chache. Ikiwa mkwaruzo umepungua ghafla, basi kelele inatoka ndani ya nyumba hiyo hiyo. Hapo iwashwe tena swichi kuu, na vyombo vichomekwe kimoja kimoja hadi apatikane mkosa. Mara nyingi huwa ni chaja moja ya bei rahisi iliyosahauliwa ukutani.

Jaribio hili lina fundisho jengine. Umeme unapokatika mtaa mzima, kelele zote hizo hutoweka kwa pamoja. Ndiyo kusema, usiku wa kiza ambao mwananchi anaihitaji redio zaidi ndio usiku ambao masafa mafupi husikika vizuri zaidi, mradi betri zipo na waya uko tayari.

MAHALI KABLA YA ANTENA

Baada ya kelele, jambo la pili ni nyumba yenyewe. Mawimbi ya redio hayapiti kwenye bati. Katika nyumba nyingi za Ngamiani, Makorora na mitaa mengine ya Tanga, paa ni la mabati na kuta ni za udongo au matofali. Humo mawimbi huingia kwa ubavuni, kupitia kuta na madirisha. Waya uliotandazwa darini, chini kabisa ya bati, umewekwa pabaya. Waya huo huo ukishushwa na kupitishwa kando ya dirisha utafanya kazi vizuri zaidi.

Katika nyumba za mawe za zamani, kama zilizomo mjini Pangani na Mji Mkongwe, kuta ni nene na hupunguza mawimbi. Katika majumba ya ghorofa ya zege, nondo zilizomo ndani ya kuta na sakafu hufanya kazi kama tundu la kuku: chumba cha katikati huwa kiziwi. Nyumba ya makuti haizuii mawimbi, na mwenye nyumba hiyo hana sababu ya kumwonea choyo mwenye ghorofa.

Kwa hivyo, kabla ya kununua chochote, inashauriwa redio ichukuliwe mkononi na kupitishwa kila upande wa nyumba: barazani, ukumbini, dirishani na uani. Stesheni ile ile, saa ile ile. Mahali pale sauti inapokuwa safi zaidi ndipo pa kuweka antena.

AINA TATU ZA ANTENA ZA NDANI

Ya kwanza ni fimbo ya redio yenyewe. Kwa stesheni zenye nguvu hutosha, hasa ikiwa redio imewekwa karibu na dirisha. Inafaa ijaribiwe ikiwa imesimama na pia ikiwa imelazwa, kwani tofauti huwepo.

Ya pili ni waya. Hii ndiyo inayofaa watu wengi, na ni rahisi kuliko zote. Waya mwembamba wenye ganda la plastiki, wa urefu wa mita 6 hadi 8, unatosha. Kipimo hicho hakikubuniwa tu. Urefu wa wimbi kwa mita hupatikana kwa kugawa 300 kwa masafa yaliyotajwa kwa megahezi. Kilohezi 11735 ni megahezi 11.735, ukigawa, wimbi ni kiasi cha mita 25 na nusu, na robo yake ni mita 6 na ushei. Robo ya wimbi ni kipimo kizuri cha waya. Kwa bendi ya mita 49 robo yake ni mita 12 na zaidi, jambo ambalo ni gumu ndani ya chumba, lakini waya wa mita 8 bado utasaidia sana ukilinganishwa na fimbo ya mita 1.

Ncha moja ya waya ivuliwe ganda na ibanwe kwenye fimbo ya redio kwa kibanio, au ichomekwe kwenye tundu la antena ikiwa redio inalo. Ncha ya pili ipitishwe juu ya pazia au pembezoni mwa dari isiyo ya bati, mbali na nyaya za umeme za ukutani. Waya ukilazimika kukutana na waya wa umeme, uukate kwa msalaba. Usiende nao sambamba. Waya mrefu kupita kiasi haupendekezwi kwa redio ndogo, kwani redio huzidiwa na stesheni huanza kuingiliana.

Ya tatu ni antena ya kitanzi, yaani waya uliozungushwa duara, ambayo mara nyingi huuzwa ikiwa na kikuza mawimbi. Sifa yake kubwa ni kwamba ina pande mbili inazosikia na pande mbili ambazo ni kiziwi. Mwenye kuishi katika ghorofa yenye kelele za majirani anaweza kukigeuza kitanzi hadi upande wake kiziwi ukaelekea penye kelele, na matangazo yakabaki. Lakini ifahamike kwamba kikuza mawimbi hukuza kila kitu, kelele pamoja na maneno. Mwenye nyumba tulivu hana haja ya gharama hiyo.

LISILOTIBIKA KWA ANTENA

Yapo mambo ambayo hayaondoki kwa antena yoyote. Baadhi ya wakaazi wa Tanga hushangaa kwamba stesheni ya Dole, iliyopo umbali wa takriban kilomita 120 tu, huwafikia kwa udhaifu katika masafa mafupi, ilhali mtu wa Ulaya huisikia vizuri. Sababu ni kwamba mawimbi hayo hupaa na kuruka juu ya walio karibu, na huteremka mbali. Katikati hubaki eneo la ukimya. Antena haina kosa hapo.

Vile vile, masafa hubadilika kwa saa. Kwa kawaida mchana husikika zaidi masafa ya juu, kama bendi za mita 25 na 19; usiku husikika zaidi masafa ya chini, kama mita 49 na 41. Kwa sababu hiyo antena isihukumiwe kwa jioni moja. Ijaribiwe siku tatu, saa ile ile, na matokeo yaandikwe katika daftari.

TAHADHARI

Waya wa antena usichomekwe kamwe katika soketi ya umeme wala kuunganishwa na nyaya za nyumba. Mchezo huo umewahi kusifiwa na mafundi wa mitaani, na ni mchezo wa kifo. Waya usirushwe nje kupita juu ya nyaya za barabarani. Radi zinapoanza, waya uchomolewe redioni, hata kama uko ndani. Wenye kupanga wasitoboe kuta bila ya idhini ya mwenye nyumba. Waya wa ndani hauhitaji tundu hata moja.

Ndugu wananchi,

Hapana mtu anayesuka ngalawa siku ya tufani. Mita chache za waya, betri mpya zilizowekwa pakavu, na karatasi iliyoandikwa stesheni tatu na saa zake ni matayarisho ya jioni moja. Yafanywe kabla ya masika, wakati umeme upo na duka liko wazi. Wakuu wa idara wanaombwa kuwahimiza walio chini yao, khasa wale wa bandarini, skulini na vituo vya afya vya vijijini, kuwa na redio moja iliyotengenezewa mahali pake. Mvuvi wa Kigombe au wa Moa atakapopita kuuliza habari ya hali ya hewa usiku wa kiza, awepo mtu wa kumjibu.