Kinachoshika Jino: Vinundu vya Resini na Unyooshaji wa Meno kwa Plastiki Angavu

Mhadhara wa umma, Ainabkoi, Kaunti ya Uasin Gishu



Nimekuja kuzungumzia kitu chenye urefu wa milimita 3 hivi: kinundu cha resini ambacho daktari hukigandisha kwenye jino ili plastiki angavu, yaani alaina, ipate kulisogeza. Hoja yangu ni moja. Alaina husukuma, lakini kinachoamua jino litakwendaje mara nyingi ni kinundu, na kinundu hakifai kuachiwa kompyuta peke yake.

Kusogeza meno hatua kwa hatua si wazo jipya. Mwaka 1945 Harold Kesling wa Marekani alieleza kifaa cha mpira kilichofanya kazi hiyo. Kampuni ya Align Technology, iliyoanzishwa 1997, ililiunganisha wazo hilo na kompyuta inayopanga mwendo wa meno na kuuonyesha kwenye skrini. Mgonjwa hupewa mfululizo wa alaina, kila moja ikilenga kusogeza jino robo ya milimita hivi, naye huzivaa saa 20 hadi 22 kwa siku. Ndani ya taya, jino limening'inizwa kwa utando wa nyuzi wenye upana wa milimita 0.2 hivi. Upande unaobanwa, mfupa humumunywa. Upande unaovutwa, mfupa mpya hujengwa.

Tatizo ni kwamba plastiki hugusa kichwa cha jino tu, na mzizi umefukiwa mfupani. Ukisukuma kichwa, jino huinama badala ya kwenda lote. Chonge na magego madogo ni ya mviringo. Kuyazungusha kwa plastiki tupu ni kama kuzungusha kibuyu cha maziwa ya mursik kwa mikono yenye mafuta. Kinundu huipa plastiki ukingo wa kusukuma. Kilichosimama wima husaidia kuongoza mzizi. Chenye mteremko husaidia kulivuta jino lililo fupi.

Hata hivyo, kinundu si muujiza. Mwaka 2008 Kravitz na wenzake walipima mzunguko wa chonge, na hawakuona tofauti ya kitakwimu kati ya zilizowekewa vinundu na zisizowekewa. Mwaka 2009 wakaonyesha kwamba meno ya mbele yalifikia wastani wa asilimia 41 tu ya mwendo uliopangwa. Utafiti wa Haouili na wenzake, uliochapishwa 2020, ulipata asilimia 50. Picha nzuri ya kwenye skrini, basi, ni mpango. Jino lenyewe lina jibu lake.

Sasa tuje kwetu. Maji ya sehemu kadhaa za Bonde la Ufa, hasa kandokando ya maziwa ya Nakuru na Elementaita, yana floraidi nyingi, na wengi waliokua wakiyanywa wana meno yenye madoa ya kahawia. Kabla ya kugandisha kinundu, daktari hupaka asidi ya fosforiki ili enameli iwe na vitundu vya kushikia resini. Enameli iliyoathiriwa na floraidi huikataa asidi hiyo, na kinundu huweza kung'oka mapema. Kikishang'oka, alaina inayofuata haikai sawa: utaona mwanya mwembamba kati ya ukingo wa jino na plastiki. Mgonjwa akiendelea kubadilisha alaina huku mwanya ukiwapo, anavaa plastiki isiyofanya kazi iliyokusudiwa.

Tena, miongoni mwa Wakalenjin ilikuwa desturi kung'oa meno ya chini ya mbele. Leo, mwenye pengo kama hilo akitaka lizibwe, plastiki tupu huweza kuvikutanisha vichwa vya meno jirani huku mizizi ikibaki imeachana. Hapo vinundu vya wima vina kazi halisi.

Eldoret ina Skuli ya Udaktari wa Meno ya Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Naomba wanafunzi wetu wafundishwe kuikagua enameli kabla ya kuagiza alaina, kuchagua umbo la kinundu kwa kila jino, na kuutafuta ule mwanya kila mgonjwa anaporudi. Nanyi wazazi, kabla hamjalipa, mwulizeni daktari: vinundu vitawekwa kwenye meno gani, kwa sababu gani, na kimoja kikitoka tufanye nini? Daktari anayeyajibu maswali hayo kwa utulivu amelitazama jino la mtoto wenu, si picha yake tu.