Ujira wa Mvunaji wa Kakao



Huenda baadhi yetu tumekwisha kunywa kikombe cha kakao asubuhi ya leo. Je, tumewahi kujiuliza ni mikono ya nani iliyoichuma?

Zaidi ya nusu ya kakao ya ulimwengu hutoka Kodivaa na Ghana, tena katika mashamba madogo ya jamaa. Mkulima huyakata matunda kwa panga, huyapasua, huzifunika mbegu kwa majani ya migomba siku kadhaa zichachuke, kisha huzianika juani.

Bei ikiwa duni, mkulima huyo hana fedha za mbolea, wala za kung'oa miti iliyozeeka apande mingine. Udongo ukichoka, huingia msituni akafyeka. Akikosa cha kumlipa kibarua, humtia mtoto wake kazini. Basi msitu unakwisha na mtoto anakosa masomo, ili sisi tununue kwa bei rahisi.

Mwaka 2024, hali mbaya ya hewa na magonjwa ya miti yalipunguza mavuno, na bei katika soko la New York ikapita dola 10,000 kwa tani. Lakini bei ya mkulima ilikuwa imepangwa na serikali mapema. Alipata sehemu ndogo tu.

Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, awaonya matajiri wawanyimao wavunaji haki yao. Kumbe hata mshahara uliozuiliwa una sauti, na Mungu huisikia!

Mwaka 2019 Kodivaa na Ghana zilikubaliana kudai dola 400 zaidi kwa kila tani, kwa ajili ya mkulima. Huo ni mwanzo mwema, kwa maana atunzwaye naye aweza kuitunza ardhi.

Nasi je? Yuko mchuma chai, mchuma kahawa au msaidizi wa nyumbani angojaye mshahara wake kwetu? Hatuwezi kumhurumia mkulima wa Ghana hali tunakula jasho la jirani. Yatupasa tumlipe leo, kabla jua halijatua.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetupa ardhi na watu wa kuilima, utufundishe kuitunza ardhi yako na kuwatendea haki watu wako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.