Damu ya Mama na Damu ya Mtoto

Leo nawaomba akina baba wasitoke nje. Najua ya kuwa somo likiitwa la uzazi, wengine huchukua kofia zao na kusema, "Hayo ni ya wanawake." Somo la leo ni la damu mbili, na nusu ya habari yake imo katika damu ya baba. Basi kaeni.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: KINGA, KONDO, KUNDI. Chini yake andika alama mbili za hesabu, ile ya kujumlisha na ile ya kutoa. Wanafunzi wayasome kwa sauti. Nitangoja kidogo.

Vema. Sasa tumfikirie mama mmoja. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa salama, mnene, akalia kwa nguvu. Mtoto wa pili alizaliwa na manjano machoni na mwilini, akawa mlegevu, akapona kwa shida. Mtoto wa tatu alifia tumboni katika mwezi wa nane, na alipotoka mwili wake ulikuwa umevimba. Wa nne vivyo hivyo. Majirani wakaanza kunong'ona. Mmoja alisema mama huyu ana mkosi. Mwingine alisema amerogwa. Mama mkwe alisema waziwazi kwamba mke huyu anakula watoto wake, heri mwanawe aoe mwingine. Mume alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kama kukubali.

Akina mama wa namna hii wamekuwako katika nchi nyingi, Ulaya na Afrika, na wengi wao walifukuzwa nyumbani kwa kosa ambalo hawakulitenda. Sikilizeni yaliyokuwa yakitendeka tumboni.

Neno letu la kwanza ni kinga. Mwili wa kila mtu una askari wake. Kazi yao ni kumtazama kila aingiaye na kuuliza, "Wewe ni mwenyeji au mgeni?" Kijidudu cha surua kikiingia, askari huona si mwenyeji, nao hutengeneza silaha za kukiua. Silaha hizo ni ndogo mno, hazionekani kwa macho, nazo zaitwa kingamwili. Na vita vikiisha, askari hawasahau. Ndiyo sababu mtu aliyekwisha kuugua surua kwa kawaida haugui tena, na ndiyo sababu chanjo yafaa. Lishikeni neno hili, kwamba askari hawasahau. Tutalihitaji.

Sasa fikirini. Mtoto aliye tumboni nusu yake imetoka kwa mama na nusu imetoka kwa baba. Basi kwa mwili wa mama, yeye ni nusu mgeni. Mwaka 1953 mtaalamu Mwingereza, Peter Medawar, aliuliza swali ambalo huenda hata wewe hukupata kulifikiri: kwa nini mwili wa mama haumtupi mtoto nje? Maana ukitwaa kipande cha ngozi ya mtu mmoja ukambandika mwingine, mwili hukikataa kabla majuma mengi hayajapita. Lakini mtoto hukaa miezi tisa, tena hulishwa. Wataalamu wamepata sababu nyingi, na moja iliyo kubwa ni neno letu la pili, kondo.

Kondo la nyuma mnalijua, hasa ninyi mlio wakunga. Mfano wake ni ukuta wenye malango. Damu ya mama hupita upande huu, damu ya mtoto upande ule, wala kwa kawaida hazichanganyiki. Chakula na hewa hupita malangoni. Kingamwili za mama nazo hupita, na hiyo ni faida kubwa. Mama aliyechanjwa pepopunda humpa mtoto wake ulinzi kabla hajazaliwa. Lakini lango hilo halijui silaha ipi ni ya kumlinda mtoto na ipi ni ya kumwua.

Hapo twafika kwenye neno la tatu, kundi. Mwaka 1901, katika mji wa Vienna, Karl Landsteiner alieleza kwamba damu za watu si za namna moja. Ndiyo makundi tunayoyaita A, B na O. AB iliongezwa baadaye. Watu wakadhani mambo yamekwisha. Lakini mwaka 1939 madaktari wawili wa Marekani, Philip Levine na Rufus Stetson, waliandika habari za mama mmoja aliyezaa mtoto mfu, akatokwa na damu, akapewa damu ya mumewe. Mume na mke wote walikuwa kundi O, kwa hiyo haikutazamiwa shida. Hata hivyo mama alishikwa na baridi na maumivu, hali yake ikawa mbaya. Levine akawaza: lazima damu ya mume ina kitu ambacho damu ya mke haina, mtoto alikirithi kwa baba, na askari wa mama wamejifunza kukichukia. Mwaka 1940 Landsteiner na mwenzake Alexander Wiener walitangaza habari za kitu hicho, kikaitwa Rh, herufi zilizotolewa katika jina la nyani aliyetumiwa katika majaribio yao. Mwaka uliofuata Levine na wenzake walionyesha kwamba hicho ndicho kilichokuwa kikiwaua watoto wa akina mama kama yule wetu.

Tazameni ubaoni. Mtu mwenye kitu hicho huandikiwa alama ya kujumlisha, asiye nacho huandikiwa alama ya kutoa. Alama ya kutoa si ugonjwa, wala si upungufu wa damu. Huko Ulaya watu kama 15 katika kila 100 wana alama ya kutoa. Kwetu Afrika ya Mashariki ni wachache zaidi, kama 4 au 5 katika 100. Na uchache huo una ubaya wake, kwani jambo la wachache husahauliwa upesi.

Mama wetu alikuwa na alama ya kutoa, baba alikuwa na alama ya kujumlisha, na mtoto wa kwanza akamfuata baba. Wakati wa kuzaa, kondo lilipobanduka, matone machache ya damu ya mtoto yaliingia katika damu ya mama. Askari wakaamka, wakatengeneza silaha. Lakini mtoto wa kwanza amekwisha kutoka, yumo kitandani ananyonya, silaha hazimpati. Alikuja wa pili, naye ana damu ya kujumlisha. Askari hawakusahau. Kingamwili zilipita langoni na kuvunja chembe nyekundu za damu ya mtoto. Wa tatu alikuta silaha nyingi zaidi. Mtoto wa namna hii hupungukiwa damu hata moyo ukachoka na mwili ukavimba. Na akizaliwa hai, manjano yaweza kupanda mpaka ubongo ukaharibika.

Basi nani aliyekula watoto? Si mama, wala si jirani. Wala baba asilaumiwe, maana hakuichagua damu yake. Mjue pia kwamba kama baba naye ana alama ya kutoa, watoto wote watakuwa na alama ya kutoa, na shida hii haipo. Na kuna baba wa kujumlisha ambaye baadhi ya watoto wake humfuata mama, hao hawadhuriki.

Dawa ilipatikanaje? Katika miaka ya 1960 madaktari wa Liverpool, Uingereza, na wa New York, Marekani, walifikia wazo moja, kila kundi kwa njia yake. Nami nalipenda wazo hili kwa ujanja wake. Walisema: tumpe mama sindano yenye kingamwili zilizokwisha kutengenezwa na mtu mwingine. Hizo zitaziondoa chembe za mtoto zilizopotea njia kabla askari wa mama hawajaziona. Askari hawataamka, wala hawatajifunza kitu. Mwaka 1968 sindano hiyo ilianza kuruhusiwa kutumika. Bila sindano, mama kama 16 katika kila 100 walio katika hatari hii hupata silaha hizo. Akichomwa baada ya kuzaa, hawafiki 2 katika 100. Na akiongezewa nyingine kama katika juma la 28 la mimba, hupungua zaidi.

Na kingamwili hizo hutoka wapi? Katika damu ya watu wanaojitolea. Mmoja wao alikuwa James Harrison wa Australia, ambaye alipokuwa kijana wa miaka 14 alipasuliwa kifua, akaokolewa kwa damu ya watu wengine. Alitoa damu yake tangu mwaka 1954 mpaka 2018, mara 1,173, ndipo umri ulipomzuia. Alifariki mwaka 2025.

Lakini sikilizeni sana hapa. Sindano hii yafaa kabla askari hawajajifunza. Wakiisha kujifunza, haiwasahaulishi. Kwa hiyo hutolewa katika muda wa saa 72 baada ya mama kuzaa mtoto wa damu ya kujumlisha. Na mama mwenye alama ya kutoa ambaye mimba yake imeharibika, au ametokwa na damu, au ameanguka na kuumia tumbo, asikae nyumbani akisema, "Imetoka, yamekwisha." Aende hospitali siku ileile akaulize kama yampasa kuchomwa. Tena sindano hii ina bei kubwa, na si kila hospitali inayo. Baba akijua mapema, katika mwezi wa tatu au wa nne, ataweza kujitayarisha. Akiambiwa usiku wa kuzaa, ataitoa wapi?

Na yule ambaye askari wake wamekwisha kujifunza? Asikate tamaa. Mwaka 1963 William Liley wa New Zealand alimpa damu mtoto angali tumboni, na siku hizi kazi hiyo hufanywa katika hospitali kubwa zenye mabingwa. Mtoto mwenye manjano hutibiwa kwa mwanga maalumu, au hubadilishwa damu.

Sitaki mtoke hapa mkidhani kila mimba iharibikayo ni kwa ajili ya damu. Sivyo. Mimba nyingi za miezi ya kwanza huharibika kwa kuwa mtoto hakuumbika sawasawa tangu mwanzo. Malaria huharibu mimba, kaswende pia. Uko na ugonjwa mwingine wa kinga, ulioelezwa na daktari Graham Hughes wa London mwaka 1983, ambao askari huifanya damu ya mama igande ovyo, na mimba hutoka mara kwa mara. Huo hutibiwa kwa aspirini kidogo na sindano za kuzuia damu kuganda, lakini kwa amri ya daktari tu. Usinunue vidonge dukani kwa sababu umenisikia mimi.

Sasa kazi yenu. Kila mwenye kadi ya kliniki aifungue. Tafuteni mahali palipoandikwa kundi la damu. Mtaona herufi, A au B au AB au O, na mbele yake alama moja ndogo. Inakilini herufi na alama katika daftari. Kama pale pako wazi, andikeni neno "Bado", na kliniki ijayo mwulizeni muuguzi. Akina baba msio na kadi, nanyi andikeni "Bado". Mwalimu wa darasa apite akitazama madaftari.