HOTUBA YA MWENYEKITI KATIKA SHEREHE YA MIAKA KUMI



Habari za hisa na mikopo Mweka Hazina ameshazisoma. Sisi tunaomba tuseme jambo moja ambalo akina mama huwa tunanong'onezana tu pembeni. Ni ugonjwa wa bakteria ukeni, ule unaoleta majimaji yenye shombo la samaki. Mara ngapi tumetoa pesa ya mfuko wa jamii kwa ugonjwa huu! Mama anameza dawa siku saba, anapona, baada ya miezi miwili mitatu yuko pale pale. Nyumbani anaitwa mchafu, au anaambiwa ametoka nje ya ndoa.

Jamani, si uchafu. Ukeni kuna bakteria wazuri ambao ni walinzi. Wakipungua, wabaya wanajaa. Kujiosha ndani kwa sabuni au ndimu kunawaondoa hao walinzi. Tena tusiupuuze: unaongeza hatari ya kupata virusi vya UKIMWI, na mjamzito anaweza kujifungua kabla ya wakati.

Sasa ipo habari njema. Mwaka 2025 wataalamu wa Australia walitoa matokeo ya utafiti wa jozi 164 za wenzi, kila mtu na mwenziwe mmoja. Kundi la kwanza alitibiwa mke tu. Kundi la pili walitibiwa wote: mume alimeza metronidazoli na kujipaka krimu ya klindamaisini sehemu za siri, mara mbili kwa siku, siku saba. Katika wiki 12, kundi la kwanza ugonjwa uliwarudia wanawake 63 kwa kila 100. Kundi la pili, 35. Si wote waliopona, lakini tofauti ni kubwa.

Akina baba, hatuwalaumu. Bakteria hao hukaa kwa mwanamume naye asisikie lolote. Lakini kumtibu mke peke yake ni kuziba tundu moja kwenye ndoo yenye matundu mawili. Ugonjwa ukirudi, nendeni zahanati wote wawili, mkamwulize mganga kuhusu tiba hiyo. Msinunue vidonge dukani kwa kubahatisha, wala msigawane dozi ya mtu mmoja.

Wanachama, tunapendekeza mkutano ujao upitishe kwamba kwa ugonjwa huu mfuko wa jamii utoe nauli na dawa za watu wawili.