Sokwe Asiyejua Duka la Dawa



Sokwe mtu wa Hifadhi ya Gombe hanunui septrini. Hakuna anayemwandikia cheti, wala anayemtilia dawa kwenye maji ya kunywa. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa asilimia 48 ya sampuli za kinyesi cha sokwe wa hifadhi ile zilikuwa na jeni za usugu dhidi ya salfa, yaani jamii ya dawa iliyomo ndani ya septrini. Kwa nyani ilikuwa asilimia 34. Kwa binadamu wanaoishi ndani na kando ya hifadhi, asilimia 74. Kwa mifugo na wanyama wao wa nyumbani, asilimia 17.

Naomba tuzitazame vizuri tarakimu hizo, maana wengi huzisoma harakaharaka na kuishia kumwonea sokwe huruma. Kama chanzo kingekuwa mifugo, wanyama wa kijijini wangeongoza. Wao ndio walioshika mkia. Wanaoongoza ni watu, na salfa ndiyo dawa ambayo watu wa eneo lile huitumia sana wanapoharisha. Usugu umeshamiri pale dawa inapotumika, ndani ya matumbo yetu, kisha ukatoka nje. Ulipita wapi? Yaelekea ni majini. Watafiti wale wanaeleza kuwa watu huoga kwenye vijito na kujisaidia karibu navyo, na nyani na sokwe hunywa humo humo. Anayeijua Gombe ataelewa upesi: ni ukanda mwembamba wa milima na mabonde uliobanwa kati ya ukingo wa Bonde la Ufa na Ziwa Tanganyika, vijito vinateremka kwa kasi hadi ziwani, na kaskazini yake kijiji cha Mwamgongo kimepakana na hifadhi. Sokwe hawa wanafuatiliwa tangu mtafiti Jane Goodall alipofika mwaka 1960. Tunawajua kwa majina, kwa mama zao, kwa ugomvi wao. Tumewajua kiasi hicho, na bado tumewafikishia uchafu wetu. Jambo hilo linaniuma, na sitalificha.

Kwa wasio wa fani yetu, niwaonyeshe usugu unavyoonekana kwa macho. Maabara tunachukua sahani ndogo ya plastiki yenye agari, tunapaka juu yake bakteria kwa kijiti cha pamba, kisha tunapanga vipande vya karatasi vya mviringo, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Sahani inalala usiku mzima kwenye joto linalokaribia la mwili. Asubuhi utando mweupe wa bakteria umeenea kote, isipokuwa pale dawa ilipofanya kazi: hapo kuna duara safi kuzunguka karatasi. Kwa bakteria sugu duara hilo halipo. Utando umeota mpaka kwenye ukingo wa karatasi yenyewe, kana kwamba dawa haikuwekwa. Mwanafunzi anayeliona hili kwa mara ya kwanza kutoka kwenye sampuli ya mnyama wa porini huwa anauliza kama sampuli hazijachanganywa.

Hazijachanganywa. Jeni nyingi za usugu hukaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA cha mviringo kilicho nje ya kromosomu. Bakteria mmoja hujiunganisha na jirani yake na kumpa nakala, hata kama jirani huyo ni wa spishi nyingine. Kwa hiyo bakteria wa binadamu hahitaji kuhamia moja kwa moja katika utumbo wa sokwe. Akipita tu na kuacha nakala, kazi imekwisha.

Kuna watakaoniuliza: usugu si jambo la maumbile? Ni kweli, na ushahidi mzuri kuliko wote umetoka kwa kalunguyeye wa Ulaya. Mwaka 2011 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kuwa wamepata, kwa ng'ombe wa maziwa na kwa watu, aina mpya ya jeni inayompa bakteria *Staphylococcus aureus* usugu dhidi ya methisilini. Wengi wetu tulidhani tunajua kisa chenyewe: ng'ombe wamepewa dawa kupita kiasi. Mwaka 2022 jarida la *Nature* likachapisha kazi iliyopindua dhana hiyo. Kalunguyeye wa Denmark na Sweden, hadi asilimia 60 yao, walikuwa wamebeba bakteria hao. Kwenye ngozi ya kalunguyeye huishi kuvu aitwaye *Trichophyton erinacei*, ambaye hutengeneza kemikali za jamii ya penisilini. Bakteria waliokaa ngozi moja na kuvu huyo walilazimika kujikinga. Vinasaba vyao vinaonyesha kuwa baadhi ya koo zao zilikuwapo tangu miaka ya 1800, wakati Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928 na methisilini ikaanza kutumika karibu mwaka 1960.

Kuna wanaokitumia kisa hiki kujitetea: kama usugu ulikuwapo kabla yetu, hatuna hatia. Sikubaliani nao hata kidogo. Usugu wa kalunguyeye ulistawi kwenye ngozi ya kalunguyeye, kwa sababu huko ndiko ulikokuwa na faida. Unapomwaga dawa kila mahali, unaupa faida kila mahali. Maumbile yametoa jeni. Sisi tumezitengenezea soko.

Ukanda wetu una ushahidi wa hilo tangu zamani. Mwaka 1985 ilichapishwa kazi kuhusu makundi matatu ya nyani wa Kenya. Mawili yaliishi porini bila bughudha, la tatu lilikula takataka za hoteli ya watalii kila siku. Kundi hilo la tatu ndilo lililobeba bakteria sugu wengi zaidi. Huko Bwindi, Uganda, utafiti wa mwaka 2008 ulikuta usugu dhidi ya angalau dawa moja inayotumiwa na wenyeji katika asilimia 35 ya bakteria wa watu, asilimia 27 ya bakteria wa mifugo na asilimia 17 ya bakteria wa gorila wa milimani, na kadiri gorila walivyoishi mbali na watu, ndivyo waliobeba usugu walivyopungua. Nairobi, watafiti walizunguka kaya 99 wakipima watu, mifugo, ndege na panya, na matokeo yao ya mwaka 2019 yanaelekea huko huko: mnyama wa porini hupokea usugu zaidi ya anavyoutoa.

Simaanishi kwamba wanyama hawawezi kuusambaza. Ndege wanaweza, na huruka mbali. Bakteria sugu wamepatikana kwa ndege wa Siberia, Alaska na kaskazini mwa Greenland. Lakini habari za aina hii zikifika mtaani, kuna anayekimbilia kuweka sumu kwa nyani au kuchoma viota vya korongo wa dampo. Kufanya hivyo ni kumwadhibu aliyeambukizwa na kumwacha aliyeambukiza.

Tuitazame njia yenyewe. Amoksilini uliyoimeza asubuhi, zaidi ya nusu yake hutoka kwenye mkojo ikiwa bado dawa kamili. Inaingia chooni. Choo kinajaa, gari la majitaka linanyonya, na pasipo na bwawa la kutibu majitaka, mzigo unamwagwa mtoni. Kwingine mfugaji ametia oksitetrasaiklini kwenye maji ya kuku wazima, na mbolea ya kuku hao imekwenda bustanini. Mwaka 2021 usugu uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.14 duniani. Hao walikufa kwa magonjwa ambayo dawa zake tunazo.

Mpango wa taifa wa Tanzania wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa (UVIDA), tangu ule wa mwaka 2017, umeandikwa kwa kutambua kuwa afya ya watu, mifugo na mazingira ni jambo moja. Naomba kauli hiyo ifike porini. Mamlaka za hifadhi zipime vijito na vinyesi kila mwaka, si pale mfadhili anapojitokeza. Hoteli za hifadhini zifungie majaa yao na zitibu majitaka yao. Halmashauri zilizopakana na hifadhi zipewe fedha za vyoo kwanza, kabla ya mabango ya uhamasishaji. Nanyi wanafunzi wa tiba ya watu na ya wanyama, mtakapopangiwa wilayani, tumeni sampuli maabara kabla ya kuandika dawa kila inapowezekana, na mgonjwa asiyehitaji antibayotiki mwambieni hivyo, hata akikasirika.