Mbwa wa Kijiji ni Jukumu Letu Sote



Leo tuongee juu ya mbwa. Wengine mtacheka, lakini kichaa cha mbwa si mchezo. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Na wanaoumwa sana ni watoto wetu.

Kuna wanaosema, "Tuwawekee sumu, yaishe." Hayataisha! Ukiua hawa, wengine wasiochanjwa watakuja kutoka vijiji jirani, na ugonjwa utabaki. Kinga ni chanjo. Tukichanja mbwa 7 kati ya kila 10, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mpango wa Kenya ulioanza mwaka 2014 unataka vifo hivi viishe ifikapo 2030, lakini serikali haiwezi kumfunga mbwa wako kamba.

Hapo ndipo tunahitaji watu wa kujitolea. Kila kikundi kichague wawili:

1. Wahesabu mbwa nyumba kwa nyumba, hata wasio na mwenyewe.
2. Wapatane na afisa wa mifugo siku ya chanjo.
3. Siku hiyo wawapeleke mbwa wa wajane na wazee wasioweza kutembea.
4. Wakumbushe kila boma: mbwa apewe chakula, maji na kivuli. Aliyeshiba hazururi ovyo.

Na mtu akiumwa? Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Sindano zote zimalizwe.

Haya, nani atajitolea?