Mzee Mwenye Kisukari Apimwe Nguvu, si Sukari Peke Yake



Siku ya kliniki ya kisukari mzee hufika mapema, hutobolewa kidole, tone la damu huwekwa katika mashine, na tarakimu huandikwa katika daftari lake. Tarakimu ikiwa nzuri, huambiwa aendelee na vidonge vile vile na arudi mwezi ujao. Mara nyingi hapatikani wa kutazama jinsi alivyoinuka kwenye benchi, wala wa kuuliza kwa nini mkanda wake umeongezwa matundu mawili, au kwa nini safari hii amesindikizwa na mjukuu. Sukari imepimwa, mzee mwenyewe hakupimwa.

Kasoro hiyo yastahili kuzungumzwa hapa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mkoa huu ulipozaliwa mwaka 2012. Kisukari si tena ugonjwa wa wakubwa wa mijini. Mwaka 1989 wataalamu wa Muhimbili, wakiongozwa na Profesa Donald McLarty, walitangaza kwamba katika vijiji vya Tanzania walivyovichunguza, wenye kisukari hawakufika mtu 1 katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta watu 9 katika kila 100. Ijapokuwa njia za upimaji hazikuwa zile zile, mwelekeo ni dhahiri. Tena uchunguzi huo wa mwaka 2012 uliwapima watu wa miaka 25 hadi 64 tu. Mzee wa miaka 70 hakuwamo katika hesabu, ilhali kisukari huongezeka kadiri umri unavyosogea, na sensa ya mwaka huo huo ilionyesha kwamba Watanzania wenye miaka 60 na zaidi walikuwa karibu milioni 2 na nusu.

Udhaifu wa mwili unaozungumzwa hapa ni nini? Si ugonjwa mmoja, wala si wingi wa miaka peke yake. Ni kupungua kwa akiba ya mwili. Mkulima mwenye ghala lililojaa huupita mwaka wa ukame akiwa amekonda kidogo. Jirani yake mwenye ghala tupu huangushwa na ukame huo huo. Ndivyo ulivyo mwili. Homa ya siku tatu humlaza kijana kitandani, kisha akaamka na kurudi shambani. Mzee aliyekwisha akiba huingia kitandani kwa homa hiyo hiyo akitembea, na hutoka akiwa wa kushikwa mkono.

Kisukari huharakisha kumalizika kwa akiba hiyo. Misuli ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari ya mwili, na insulini ndiyo inayoifungulia mlango. Insulini ikipungua au isipofanya kazi, misuli hukosa chakula chake na huanza kulika. Misuli ikipungua, mahali pa kutumia sukari nako hupungua, na sukari huzidi kupanda. Kadhalika kisukari hutia ganzi miguuni, hufifisha macho na huchosha figo. Wala unene usimdanganye mtu: yupo mzee mwenye tumbo kubwa ambaye chini ya mafuta yale misuli imekwisha.

Mkoa huu, pamoja na mikoa jirani ya Kanda ya Ziwa, unajua ubaya wa kuusoma mwili wa mzee kwa makosa. Vikongwe wamepata kuuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, nayo mara nyingi yaliwekunduishwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Makosa mengine hayamwagi damu, lakini huua vile vile. Mzee akikonda, wengine husema amelogwa, wengine, wasomi miongoni mwao, husema “ni uzee tu.” Kauli zote mbili zina tokeo moja: hapimwi. Dawa ya dhana ni kipimo.

Vipimo vyenyewe havihitaji mtambo. Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake wa Marekani waliweka dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, kuchoka daima, mkono kukosa nguvu ya kukamata, mwendo kuwa wa polepole, na kazi za mwili kupungua. Mwenye dalili tatu au zaidi huhesabiwa kuwa dhaifu. Mwenye moja au mbili yuko njiani. Huyo wa njiani ndiye anayepasa kutafutwa kwa bidii, maana yeye hurudishwa kwa urahisi zaidi.

Uzito kwanza. Mzee wa kilo 60 akipoteza kilo 3 katika mwaka mmoja pasipo kukusudia, hiyo ni ishara ya hatari, hata kama sukari yake imeshuka vizuri. Pili, kiti. Mzee huketi katika kiti imara kisicho na mikono, hukunja mikono kifuani, husimama na kuketi mara 5. Akizidisha sekunde 15, au akishindwa, miguu imepungukiwa nguvu. Tatu, hatua. Hupimwa mita 4 kwa kamba, naye hutembea kwa mwendo wake wa kawaida. Akitumia sekunde 5 au zaidi, mwendo wake umekuwa wa polepole. Wakati wote huo mtu asimame karibu naye asije akaanguka. Nguvu ya mkono hupimwa kwa chombo maalumu. Pasipo chombo, aulizwe kama bado anaweza kukamua nguo aliyoifua au kuinua ndoo ya maji.

Hata hivyo, vipimo vya ugenini havina budi kuvishwa nguo za hapa. Maswali ya Marekani kuhusu kazi za mwili yalitaja kukata majani ya bustani na kucheza gofu. Mzee wa Dutwa au Nkololo ataulizwa kuhusu jembe, kuchuma pamba, kuchunga ng'ombe na kwenda kwa miguu kwenye msiba wa kijiji cha pili. Tena pana mtego. Mzee wa Bariadi aweza kuwa angali analima, si kwa kuwa ana nguvu, bali kwa kuwa hana wa kumlimia. Basi asiulizwe tu kama analima. Aulizwe mwaka huu amelima kiasi gani kulingana na mwaka juzi. Wataalamu wa Tanzania na Uingereza, waliofanya kazi pamoja katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wamekwisha kuonyesha kwamba inawezekana kutengeneza kipimo kifupi cha udhaifu kwa ajili ya wazee wa vijijini nchini.

Yupo atakayeuliza: akishajulikana kuwa dhaifu, kitabadilika nini? Kitabadilika kikubwa, kuanzia kwenye vidonge.

Uchukuliwe mfano wa bibi wa miaka 74 anayemeza glibenklamaidi asubuhi. Ni miezi ya kungojea mavuno na chakula cha nyumbani kimepungua. Bibi amekonda, hamu ya kula imepotea, lakini kidonge hakiachi, kwa kuwa ameusiwa asikiache. Dawa hiyo huendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Usiku anatokwa na jasho, anatetemeka, anachanganyikiwa, anainuka kwenda nje, anaanguka na kuvunja nyonga. Daftari lake la kliniki litaonyesha tarakimu nzuri hadi siku ile ya mwisho. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeeleza kwamba glibenklamaidi haifai kwa watu waliozidi miaka 60. Gliklazaidi ni salama zaidi kwao.

Lengo la sukari nalo hubadilika. Mwongozo uliotolewa mwaka 2013 na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari unamtaka mzee anayejitegemea awe na asilimia 7 hadi 7.5 katika kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Mzee dhaifu anaruhusiwa kufika asilimia 8.5. Huko si kumtupa mzee. Ni kumlinda na maporomoko ya sukari yaliyo hatari kwake kuliko kupanda kidogo. Lakini hapana mgonjwa anayepaswa kujipunguzia dawa mwenyewe. Jambo hilo ni la tabibu, na tabibu hawezi kulifanya asipoambiwa kwamba mzee amedhoofika.

Baada ya dawa ni chakula na mazoezi. Wazee wengi wenye kisukari wamekatazwa vyakula hata wakabaki na ugali kidogo na mboga. Misuli haijengwi hivyo. Choroko na dengu hulimwa mkoani humu, maziwa yapo, na dagaa hutoka Ziwa Victoria. Vyote vyafaa, isipokuwa mwenye figo mbovu apate kwanza ushauri wa tabibu. Mazoezi yaweza kuanza na kiti kile kile cha kupimia: kusimama na kuketi mara kadhaa, siku kadhaa kwa juma. Uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa za Ulaya na kutangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wazee wenye kisukari wa miaka 70 na zaidi, waliokwisha kudhoofika au walio njiani, walipata nafuu katika miguu na mwendo walipopewa mazoezi ya nguvu, mafunzo ya chakula, na malengo ya sukari yasiyobana mno. Udhaifu, basi, si hukumu isiyo na rufani.

Itasemwa kwamba wauguzi ni wachache na foleni ni ndefu. Ni kweli. Lakini mzee aliye kwenye foleni amekwisha kuketi. Kumtazama akisimama mara 5 na kutembea mita 4 hakumalizi dakika mbili. Kinachohitajika ni mistari mitatu zaidi katika daftari la kliniki: uzito, kiti, hatua. Mwandikaji aweza kuwa mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii. Mwalimu wa hesabu aweza kuwafundisha wanafunzi kupima mita na sekunde kwa kuwapima babu na bibi zao, na matokeo yakapelekwa zahanati. Ofisa mtendaji anayejua wazee wa kijiji chake kwa majina aweza kujua pia ni nani aliyeacha kufika mkutanoni, na kwa nini.

Mwisho, yafaa kila msikilizaji akumbuke tarehe yake ya kuzaliwa. Mtumishi wa umma aghalabu hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na umri huo huo ndio ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu mtu kuwa mzee. Anayetetewa hapa si mgeni. Ni mzazi wa leo na mstaafu wa kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe waonekana kwa kiti, kamba ya mita 4 na saa ya mkononi, na vyote vitatu vimo katika kila shule na kila ofisi ya Bariadi.